Gorbachev, sabuni na mjomba wangu

Siku Gorbachev alipofariki, Agosti 30, 2022, mjomba wangu aliandika neno moja tu kwenye grupu la familia: "Afadhali." Basi. Shangazi yangu mmoja ambaye huwa anasoma meseji nusunusu akajibu "poleni sana wafiwa, maziko lini", wengine wakaanza kuulizana nani kafa, mara mtu akatuma ile picha ya mshumaa, yani ndani ya nusu saa ukoo mzima wa Tanga ulikuwa unatoa rambirambi za bosi wa mwisho wa Chama cha Kikomunisti cha Usovieti bila wenyewe kujua.

Nilicheka ila nilimwelewa. Mjomba alisoma Kiev, Ukraine, enzi hizo ikiwa ndani ya Usovieti. Aliondoka Septemba 1984 kwa skolashipu, mwaka mmoja wa kujifunza Kirusi halafu mitano ya uhandisi wa mitambo, akarudi katikati ya 1990 na diploma ya jalada gumu, kamera ya Zenit, pasi nzito kama jiwe la kusagia ambayo mpaka leo inapiga kazi, na hasira. Hasira yenyewe ina jina. "Aliuza nchi yule." Ukikaa naye barazani dakika kumi lazima utaisikia, hata kama mlianza na bei ya samaki.

Mimi nilikua na stori ya upande wa pili, ile ya kwenye muvi: Reagan, rais wa Marekani, kaenda Berlin Juni 1987, kasema bomoeni ukuta huu, ukuta ukabomoka, Marekani imeshinda, kwisha. Tumebishana na mjomba miaka mingi kila mtu ameshikilia yake. Siku hizi naona wote wawili tulikuwa tunamtafuta mtu mmoja wa kumpa kesi au kombe, wakati kilichotokea hakina mtu mmoja. Hebu nieleze nilivyofika hapo, na mnivumilie maana ni ndefu.

Watu wakisema miaka ya mwisho ya Vita Baridi wengi wanarukia 1989. Mi naanzia 1983, kwa sababu usipojua jinsi ilivyokuwa karibu kuungua huwezi kuelewa kwanini ilizimika. Mwezi Machi mwaka ule Reagan aliiita Usovieti dola la uovu, na wiki mbili baadaye akatangaza mpango wa kujenga ngao angani ya kudungua makombora. Septemba 1 ndege ya kivita ya Usovieti ikaitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyopotea njia ikaingia kwenye anga yao, watu 269, hakupona hata mmoja. Sasa katika hali hiyo, usiku wa Septemba 26, saa sita imepita kidogo, kwenye kituo cha siri cha Serpukhov-15 kusini ya Moscow, mitambo ya satelaiti ikaanza kupiga king'ora: Marekani imerusha kombora. Moja. Halafu mengine, yakafika matano. Zamu ilikuwa ya luteni kanali mmoja anaitwa Stanislav Petrov. Kazi yake ilikuwa kupokea na kupeleka juu, na huko juu walikuwa wamekaa wazee wagonjwa wenye wasiwasi ambao wangepata dakika chache tu za kuamua. Petrov akafikiri hivi, mtu anayeanza vita ya kuimaliza dunia haanzi na makombora matano, na rada za ardhini zilikuwa hazioni kitu. Akaripoti kwamba mtambo umekosea. Na kweli ulikuwa umekosea, lilikuwa ni jua limegonga kwenye mawingu ya juu satelaiti ikadhani ni moto wa kombora.

Zawadi hakupata. Alisema mwenyewe baadaye kwamba kilichomfika ni kukaripiwa kwa kutojaza daftari la zamu usiku ule. Hapo huwa nacheka peke yangu, maana mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini anamjua huyo bosi.

Wazee wagonjwa nimesema. Brezhnev alikufa Novemba 1982, Andropov akafuata Februari 1984, Chernenko Machi 1985, mazishi matatu makubwa ndani ya miaka miwili na nusu. Mjomba alilikuta la Chernenko. Anasema asubuhi ukiwasha redio ukakuta muziki wa kinanda wa huzuni badala ya vipindi, huulizi, unajua mkubwa kaondoka. Warusi walikuwa na utani, jamaa kaenda kwenye mazishi Red Square askari anamuuliza kibali kiko wapi, akajibu mimi nina tiketi ya msimu mzima. Reagan naye alikuwa analalamika ataongeaje na Warusi wakati kila akijiandaa wanamfia.

Ndo akaingia Gorbachev, Machi 11, 1985, miaka 54, anatembea mwenyewe bila kushikwa mkono. Mwaka huohuo, Novemba, kwetu Mwinyi akampokea Nyerere. Mjomba anapenda sana kulinganisha hivi vitu viwili na safari hii nakubaliana naye, kwa sababu alikuwa ametoka nchi ya foleni. Waliokuwepo wanakumbuka miaka ile ya mwanzo wa themanini, sabuni hamna, sukari hamna, unga kwa kugawiwa, watu wanaamka alfajiri wanaweka jiwe au kikapu kushika nafasi halafu wanarudi kulala, na 1983 ikaja ile kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi watu wakawa wanatupa bidhaa usiku kwa woga. Kijana wa miaka 21 anapanda ndege akiamini anakwenda kwenye taifa lililopeleka binadamu wa kwanza angani, kule foleni zitakuwa historia. Kafika Kiev, mkate upo tele na bei ya kutupa, treni ya chini ya ardhi inang'aa, halafu wiki ya pili anaona mstari mrefu wa watu barabarani na yeye kwa mazoea ya nyumbani akajiunga, baadaye ndo akauliza kinauzwa nini. Viatu vya kutoka Yugoslavia. Vya kike. Akanunua hivyohivyo, na anadai vilimsaidia kupata marafiki.

Kitu cha kwanza Gorbachev alichowagusa nacho watu hakikuwa uhuru wala demokrasia, ilikuwa pombe. Mei 1985 akaanzisha kampeni ya kupambana na ulevi, maduka yakapunguzwa, saa za kuuza zikabanwa, mpaka mashamba ya zabibu Crimea na Moldova yakang'olewa. Nia nzuri kabisa, vodka ilikuwa inawamaliza wanaume wa kule. Ila serikali ilikuwa inakula kodi kubwa sana ya hiyohiyo vodka, kwahiyo ikajikata mshipa wenyewe, na watu wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa Tandale au Mathare angekifanya, wakapika gongo. Gongo ya kule inaitwa samogon na inataka sukari. Sukari ikaanza kupotea madukani. Wakamwita Gorbachev Katibu wa Maji ya Chupa, kwa Kirusi maneno mawili, "katibu mkuu" na "katibu wa maji ya madini", yanafanana mdomoni. Kuna utani mwingine wa jamaa kwenye foleni ya vodka kachoka, anasema naenda Kremlin kumuua Gorbachev, baada ya saa mbili karudi. Vipi, umemuua? Wapi, foleni ya kule ni ndefu kuliko hii.

Halafu Chernobyl. Hapa lazima nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu ambayo mjomba akiisimulia sauti yake inabadilika, na mimi ndo sehemu iliyonifanya nianze kumwuliza maswali ya maana badala ya kubishana.

Mtambo namba 4 wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl ulilipuka usiku wa kuamkia Aprili 26, 1986, saa saba na dakika 23. Kiev iko kama kilomita 100 kusini. Mji wa wafanyakazi, Pripyat, ulihamishwa kesho yake mchana, mabasi kwa mabasi, watu karibu 49,000 wakaambiwa ni siku tatu tu. Kiev hawakuambiwa kitu. Dunia ilijua kwa sababu Wasweden kwenye kinu chao cha Forsmark, Aprili 28, walikuta mionzi kwenye viatu vya mfanyakazi na wakagundua haijatoka kwao. Jioni hiyo ndo televisheni ya Moscow ikasoma sentensi chache, ajali imetokea, hatua zinachukuliwa. Mjomba anasema walipata habari zaidi kutoka kwa mwanafunzi mwenzao mwenye redio ya masafa mafupi, wamejifungia chumbani wanasikiliza idhaa za nje kuhusu mji wanaokaa wenyewe, na dirisha wamelifunga, si kwa mionzi, ni kwa kuogopa jirani asisikie redio.

Mei Mosi gwaride likafanyika. Upepo ulikuwa umeshageukia Kiev, viongozi wa pale wanajua, na bado watoto wakatolewa barabara kuu ya Khreshchatyk na maua na bendera. Mjomba alitembea kwenye gwaride lile. Wanafunzi wa kigeni walikuwa na safu yao, amevaa suti aliyoshonewa Tanga, kashika kibendera. Siku zilizofuata wakaanza kuona magari ya maji yanaosha barabara asubuhi na jioni, watoto wakaanza kuondolewa mjini, na ikazuka habari kwamba divai nyekundu inatoa mionzi mwilini, mwaka mmoja baada ya pombe kupigwa vita. Gorbachev mwenyewe alitokea kwenye TV Mei 14. Siku 18.

Nilimwuliza siku moja, mjomba, yule aliyekutembeza kwenye vumbi la nyuklia na kibendera mkononi, nchi yake unaililia ya nini? Alikaa kimya, akasema, "Siililii serikali mimi. Nalilia watu wa bweni." Sijapata jibu la hilo mpaka leo.

Lakini baada ya Chernobyl ndo neno glasnost lilianza kuwa na meno. Glasnost ni uwazi. (Ndio, neno lilelile ambalo Mkapa alikuja nalo 1995, ukweli na uwazi, wazee wetu wa kijiweni walikuwa wanajua limetoka wapi.) Magazeti yakaanza kuandika, halafu yakashindwa kunyamaza tena: waliouawa na Stalin, hesabu za uongo za viwanda, vijana wanaorudi kutoka Afghanistan ndani ya majeneza ya zinki. Gorbachev aliandika mwaka 2006 kwamba pengine Chernobyl, kuliko hata mageuzi yake, ndiyo iliyoua Umoja wa Kisovieti. Mi namwamini kwenye hilo. Huwezi kuwaambia watu wako kweli kidogo. Nchi ile ilikuwa imejengwa kwa namna kwamba uongo ni nguzo na si rangi, sasa ukianza kuikwangua ukidhani unasafisha ukuta, dari inashuka.

Huko juu nako wakubwa walikuwa wanakutana. Geneva Novemba 1985 walikubaliana sentensi moja muhimu, kwamba vita ya nyuklia haiwezi kushindwa na mtu na isipiganwe kamwe. Ila mkutano ninaoupenda ni wa Reykjavik, Iceland, Oktoba 1986, kwenye nyumba nyeupe ya mbao inaitwa Höfði ambayo wenyeji wanasema ina mzuka. Walienda kwa maongezi ya maandalizi tu. Siku mbili baadaye watu wawili wazima, mmoja muigizaji wa zamani na mwingine mtoto wa wakulima wa Stavropol, walikuwa wanajadili kufuta silaha zote za nyuklia duniani, zote, washauri wao wametoa macho. Ikavunjikia kwenye neno moja, maabara. Gorbachev alitaka ile ngao ya angani ya Reagan ibaki kwenye maabara miaka kumi, Reagan akakataa, wakatoka nje usiku nyuso zimekunjamana. Na ngao yenyewe hata haikuja kufanya kazi! Kitu ambacho hakipo kilizuia kuondolewa kwa vitu ambavyo vipo, maelfu kwa maelfu.

Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka. Desemba 8, 1987, wakasaini Washington mkataba wa kuondoa makombora yote ya ardhini ya kati ya kilomita 500 na 5,500, yakaja kuharibiwa 2,692, zaidi ya theluthi mbili yakiwa ya Usovieti. Reagan alikuwa amekariri methali ya Kirusi, doveryai no proveryai, amini lakini hakiki, akawa anaitoa kila kikao mpaka Gorbachev akamwambia unairudia kila tukikutana. Mjomba akiigiza hiyo kwa lafudhi ya Reagan utajua kwamba chuki yake na Gorbachev haijamzuia kufurahia. Na hapa kuna kitu upande wangu wa muvi haukuniambia, kwamba Reagan aliyemaliza hakuwa yule aliyeanza. Mwaka 1988 anatembea Red Square, wanamuuliza bado ni dola la uovu? Akasema hapana, ule ulikuwa wakati mwingine. Wenzake wa siasa kali nyumbani walikuwa wanamwona kalainika. Aliyesaidia kumaliza ni yule mzee aliyekubali kubadilisha mawazo akiwa na miaka 77.

Sasa sabuni.

Mwishoni mwa 1985 Saudia iliongeza uzalishaji wa mafuta, na bei ikaporomoka kutoka karibu dola 30 kwa pipa hadi kuzunguka dola 10 katikati ya 1986. Usovieti ilikuwa inauza mafuta nje ili inunue ngano, tena ngano nyingine kutoka kwa Marekani yuleyule adui. Sijui kama watu wanaona jinsi hicho kitu kilivyo cha ajabu, unamlenga mtu na makombora huku anakuuzia mkate. Pesa ya kigeni ikakauka, kodi ya vodka imeshakatika, bajeti ya jeshi iko palepale, vita ya Afghanistan inaendelea tangu Desemba 1979. (Walitoka Februari 15, 1989, jenerali Gromov akavuka daraja la mto Amu Darya, nyuma wameacha wenzao waliokufa kama 15,000, na Waafghani wasiohesabika vizuri mpaka leo.) Kuponi za sukari zikarudi, nchi nzima. Na Julai 1989 wachimba makaa ya mawe wa Siberia wakagoma, wakafuatiwa na wa Donbass, malaki ya watu. Moja ya madai yao ilikuwa sabuni. Mtu katoka chini ya ardhi mweusi tititi, kwenye dola la wafanyakazi lenye makombora ya kufika Chicago, hana kipande cha sabuni cha kuogea.

Mjomba alikuwa kule mwaka huo. Aliandika barua nyumbani Tanga kuomba atumiwe sabuni ya mche. Bibi yangu, aliyekaa foleni ya sabuni miaka mitano iliyopita akijipa moyo kwamba mwanawe yuko ulaya anaponea, alicheka mpaka akakaa chini. Enzi hizo za ruksa, Mwinyi kafungua biashara, sabuni zilikuwa zimejaa madukani Tanga. Akamtumia mche mzima.

Mwaka huohuo 1989 ndo mambo ya Ulaya Mashariki yanakwenda kama maji yamepasua tuta. Poland wanapiga kura Juni 4, upinzani wa Solidarity unachukua viti 99 kati ya 100 vya seneti. Hungary wanakata seng'enge ya mpaka. Kila mtu anaangalia Moscow, maana historia ilikuwa inajulikana, Budapest 1956 vifaru, Prague 1968 vifaru. Safari hii vifaru havikuja. Mjomba hapa ndo anaponitia kidole, anasema "Mchina alifungua duka, mdomo akaufunga. Huyu wetu kafungua mdomo kwanza, duka likiwa tupu." Ni sentensi nzuri kuliko nyingi nilizosoma kwa maprofesa. Lakini mjomba, Juni 4, 1989, siku ileile Wapoland wanapiga kura, ndo siku vifaru vya Mchina vilipoingia uwanja wa Tiananmen, Beijing. Hiyo ndo bei ya kufunga mdomo. Gorbachev si malaika, ndani ya Usovieti yenyewe, Tbilisi, Baku na Vilnius, watu waliuawa na wanajeshi wake, Vilnius peke yake 14 usiku mmoja wa Januari 1991. Ila kwenye Ulaya nzima ile, yenye nusu milioni ya askari wake na zaidi, hakutoa amri.

Na asipotoa amri mkubwa, wadogo wanabaki na simu zisizojibiwa. Hiyo ndo stori ya Novemba 9. Berlin Mashariki, jioni, msemaji wa chama Günter Schabowski yuko kwenye mkutano na waandishi, umekuwa unachosha, mwishoni anachomoa karatasi aliyopewa hajaisoma vizuri, inasema wananchi wataruhusiwa kusafiri nje. Ilitakiwa itangazwe kesho yake saa kumi alfajiri, kwa utaratibu, watu wakapange ofisini kuomba viza. Mwandishi anauliza, kuanzia lini? Schabowski anapekua makaratasi, miwani puani, anasema kwa ninavyojua... sasa hivi, bila kuchelewa. TV iko laivu.

Kwenye kituo cha mpakani cha Bornholmer Straße, afisa wa zamu Harald Jäger alikuwa anakula kantini. Kasikia, mkate ukamkwama. Akapiga simu juu: nifanye nini? Subiri. Watu wanajaa, mia, elfu, anapiga tena, subiri, anapiga tena. Wakamwambia wale wanaopiga kelele sana watoe mmojammoja, muhuri uwagongee juu ya picha ya pasipoti ili wasirudi tena. Ujanja wa kiofisi kabisa huo. Haikusaidia, waliobaki wakaona kumbe ukipiga kelele unapita. Saa tano na nusu usiku hivi, maelfu wanasukuma geti, bunduki anazo, amri hana, Jäger akaagiza vijana wake wafungue. Miaka 28 ya ukuta. Ukiniuliza nani aliuangusha nitakutajia msemaji asiyesoma karatasi na afisa aliyekatiziwa simu, kabla ya Reagan na kabla ya Gorbachev. Naye Petrov nitamtaja hapohapo. Watu wa zamu.

Kwetu Afrika upepo ulifika haraka kuliko tunavyokumbuka. Desemba 1988 makubaliano ya New York yakawatoa Wacuba Angola na Afrika Kusini Namibia, Machi 21, 1990 Namibia ikapandisha bendera, na wazee wa Dar waliowahi kuwapokea wapigania uhuru wake wa SWAPO miaka ya sitini walilia. Mobutu wa Zaire, ambaye Washington ilimlea kwa sababu tu hakuwa mkomunisti, Aprili 1990 akatangaza mwisho wa chama kimoja akifuta machozi. Mengistu wa Ethiopia alikimbia Mei 1991. Kenya walikuwa na maandamano yao ya Saba Saba 1990 na kifungu cha 2A cha katiba, kile cha chama kimoja, kikafutwa Desemba 1991, mwezi uleule Usovieti inakufa, sisi vyama vingi vikaja Julai 1992. Ghafla madikteta wa pande zote mbili wakawa hawana mnunuzi. Na maghorofa ya Michenzani kule Unguja, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalibaki yamesimama wakati nchi iliyosaidia kuyajenga imefutwa Oktoba 3, 1990.

Sasa kuhusu kuuzwa. Kama Marekani ndo mnunuzi basi alikuwa mnunuzi wa ajabu. Agosti 1, 1991, rais Bush, yule baba, alikwenda Kiev, mji wa mjomba, akasimama mbele ya bunge lao akawaonya Waukraine wasiingie kwenye utaifa wa kujiua, yani aliwaambia tulieni na Gorbachev. Alikuwa anaogopa makombora yatagawanyika mikononi mwa nchi kadhaa. Nyumbani kwake walimcheka, hotuba ikabatizwa "Chicken Kiev", jina la pishi la nyama ya kuku. Siku 18 baadaye wenye msimamo mkali wa Moscow wakajaribu kupindua, Gorbachev amefungiwa Crimea kwenye nyumba ya mapumziko, TV inaonyesha dansi ya bata maji tu, na kiongozi wa mapinduzi Yanayev anaongea na waandishi mikono inatetemeka dunia nzima inaona. Siku tatu yakafa. Agosti 24 Ukraine ikatangaza uhuru, Desemba 1 wakapiga kura, zaidi ya asilimia 90 wakasema ndiyo. Nchi haiuzwi hivyo mjomba, watu walipanga foleni wenyewe safari hii.

Desemba 8 Yeltsin, Kravchuk na Shushkevich, viongozi wa Urusi, Ukraine na Belarus, wakakutana msituni Belarus wakaandika kwamba Umoja umekwisha, na Bush akapigiwa simu kabla Gorbachev hajajua. Desemba 25 Gorbachev akakaa mbele ya kamera kujiuzulu, kalamu yake ikagoma kuandika, akaazima ya bosi wa CNN aliyekuwa chumbani. Saa moja na nusu usiku bendera nyekundu ikashuka Kremlin. Dola lenye makombora kuliko mtu yeyote halikupigwa risasi hata moja na adui yake.

Mjomba alisikia kwenye redio, Tanga, anatengeneza pampu ya maji ya jirani. Mwaka 1993 alipata barua kutoka kwa mwalimu wake wa haidroliki, mzee aliyekuwa akimwita chai nyumbani kwake Jumapili. Mwaka ule mfumuko wa bei Ukraine ulipita asilimia 10,000, akiba ya maisha yote ya yule mzee ilikuwa haitoshi kununua buti. Alikuwa anauza vitabu vyake kando ya barabara, akaomba samahani kwa kuandika barua fupi maana stempu ni ghali. Barua ile mjomba anayo. Nilipoisoma ndo niliacha kutumia neno "ushindi" mbele yake.

Mwaka jana kulikuwa na kuhakiki vyeti kwenye ofisi moja, kila kitu mtandaoni, akaniita nimjazie. Jina, mwaka, kozi, vizuri. Tukafika kwenye nchi ya chuo, unachagua kwenye orodha. Nikashusha, nikapandisha. Umoja wa Kisovieti hakuna.

"Diploma imeandikwa nini?" akauliza, ingawa anajua.

"CCCP." Yani Usovieti kwa herufi za Kirusi.

"Basi tafuta hiyo."

"Haipo mjomba. Kuna Urusi, kuna Ukraine."

Akavua miwani akaipangusa na shati. Kule Kiev wiki ile kulikuwa kumepigwa tena, alikuwa ameangalia habari asubuhi. "Weka Ukraine," akasema. "Chuo hakijahama."

Nikabonyeza Ukraine. Akaitazama skrini muda mrefu, halafu akaniuliza kama kuna sehemu ya kuandika maelezo. Nikatafuta ukurasa mzima mpaka chini, haikuwepo.